Wema kwa wazazi hautumwi kwa simu peke yake



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Muhula uliopita nilikuwa nafundisha mada ya haki za wazazi. Nilieleza kama ninavyoeleza kila mwaka: kwamba haki yao imetajwa mara tu baada ya haki ya Mwenyezi Mungu, kwamba mtu haruhusiwi hata kuwaguna, kwamba wakizeeka waongezewe upole. Nilipomaliza nikauliza kama kuna mwenye swali. Binti mmoja anayekaa nyuma, ambaye kwa kawaida si msemaji, akanyoosha mkono.

"Ustadhi, wazazi wako wako hai?"

Nikasema, alhamdulillah, wote wawili wako hai.

"Unaishi nao?"

Nikasema hapana, wako Ujiji, Kigoma.

"Sasa nani anawatendea hayo uliyotufundisha?"

Darasa likacheka kidogo. Nikajibu kwamba nawatumia pesa ya matumizi kila mwezi, na dada yangu yuko nao. Akasema, "Ahsante Ustadhi," akakaa. Hakukusudia kunifedhehesha, alitaka kujua tu. Lakini nilipofika nyumbani jioni ile nikagundua kuwa sikumjibu. Yeye aliuliza nani anawatendea, mimi nikamwambia nani anawalipia.

Tangu siku hiyo swali lile halijaniacha, na nimeona si vibaya nikilileta mbele yenu, kwa kuwa najua siko peke yangu. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao milioni 4.36 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakafika milioni 5.38. Wengi wao hawakuzaliwa hapa. Wametoka Kigoma, Tabora, Kondoa, Lindi, Mtwara, Tanga na Pemba, na nyuma yao wameacha wazee. Ukikaa baada ya swala ya Ijumaa ukawasikiliza watu wakiongea na simu nje ya msikiti, utasikia "Shikamoo mama" kwa lafudhi za nchi nzima. Kwa hiyo swali ni letu sote: je, mtoto anayetuma pesa na kupiga simu, huku moyo wake ukiwa na hamu ya kuwa karibu na wazazi wake, ametimiza wema aliofaradhishiwa? Au kuna kitu kimebaki?

Nafaka na usuhuba

Kwanza tuipe pesa heshima yake. Katika Suratul-Baqara, aya ya 215, Waislamu walipouliza watoe nini, waliambiwa kwamba chochote cha kheri watakachokitoa, wa mwanzo kupewa ni wazazi. Wanazuoni wetu wa fiqhi wamekubaliana kwamba mzazi asiye na uwezo, nafaka yake ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Si hisani wala zawadi. Basi anayetuma matumizi kila mwezi asidharau anachokifanya, na asiyetuma ilhali anao uwezo, hata haya ninayoyaandika bado hayajamfikia. Aanze na hilo.

Lakini tukirudi katika aya ambazo sisi walimu tunazisomesha sana, Suratul-Israa aya ya 23 na 24, tutaona jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Mwenyezi Mungu (s.w.) anapotaja uzee wa mmoja wa wazazi au wote wawili, anaongeza neno moja: 'indaka. Maana yake ni "kwako", yaani wakiwa pamoja nawe, kwenye uangalizi wako. Amri zote zinazofuata, kutowaguna, kutowakaripia, kuwainamishia bawa la unyenyekevu, zimejengwa juu ya neno hilo. Na ukifikiri utaona ni lazima iwe hivyo. Nani atamguna mzee aliye umbali wa kilomita elfu moja na mia mbili? Mimi katika miaka yote niliyokaa Dar es Salaam sijawahi kumguna baba yangu hata mara moja. Lakini si kwa sababu ya uchamungu. Ni kwa sababu sijawahi kumwamsha usiku, kumrudia neno mara nne kwa kuwa hasikii, wala kusubiri amalize kutafuta viatu vyake wakati mimi nimechelewa. Mtihani wenyewe sijaufanya, nitajisifu vipi kuwa nimefaulu?

Hali kadhalika katika Surat Luqman, aya ya 15, inapozungumzwa habari ya wazazi wanaomshurutisha mtoto wao amshirikishe Mwenyezi Mungu. Mtoto ameambiwa asiwatii katika hilo. Lakini hakuambiwa awape pesa aondoke. Ameamrishwa asuhubiane nao kwa wema hapa duniani, na neno lililotumika linatokana na suhba, ambalo ndilo asili ya neno letu usuhuba, na ndimo lilimotoka pia neno Sahaba. Ikiwa mzazi mshirikina ana haki ya usuhuba wa mwanawe, itakuwaje kwa mzazi aliyekufundisha kutamka shahada?

Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Abu Hurayra (r.a.) hakwenda kuhiji mpaka mama yake alipofariki, kwa ajili ya usuhuba wake kwa mama huyo. Bila shaka wanazuoni wanaeleza kuwa ilikuwa ni hija ya sunna, kwani ya faradhi ameshaihiji. Lakini tazama neno tena: usuhuba. Hakusema kwamba mama yake alikosa wa kumpikia.

Basi hapa ndipo ninapoona tofauti ambayo yule binti aliigusa bila ya kujua. Mzazi ana haki mbili. Ya kwanza ni nafaka, na hiyo inaweza kutumwa, inaweza hata kulipwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Ya pili ni usuhuba, na huo hauna wakala.

Pesa zilipokuwa na macho

Nilipokuwa mtoto Ujiji, kaka yetu mkubwa alikuwa akifanya kazi hapa Dar es Salaam. Pesa zake zilikuja na msafiri. Reli ya Kati imefika Kigoma tangu mwaka 1914, na kwa watu wa kwetu treni ndiyo ilikuwa njia ya kila kitu: mawese na dagaa kwenda, bahasha na vitenge kurudi. Msafiri aliyepewa bahasha alikuwa akifika nyumbani, anakaribishwa, anapewa ugali na migebuka, na mama anamhoji mpaka jasho linamtoka. Amekonda? Anaswali? Ana mke huko? Na msafiri yule aliporudi Dar es Salaam, kaka naye alimhoji. Mzee anatembea? Paa la jikoni limetengenezwa? Kwa maana hiyo kila pesa ilipokwenda, ilikwenda na jicho na ikarudi na habari.

Mwaka 2008 huduma za kutuma pesa kwa simu zikaanza nchini. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko makubwa yakaikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikasimama kwa miezi kadhaa. Bahasha za kwetu zikahamia kwenye simu, na hazikurudi tena kwa msafiri hata treni iliporudi. Simlaumu aliyeileta huduma hiyo. Imeokoa watu wengi, na mama yangu anaiombea dua. Lakini pesa siku hizi inakwenda peke yake. Inafika kwa dakika moja, haioni kitu, na inarudisha ujumbe mmoja tu kwamba imepokewa.

Nitawasimulia lililonikuta. Baba yangu ni mtu wa kusoma Qur'an. Tangu nikiwa mdogo, baada ya swala ya alfajiri hukaa barazani na msahafu wake akasoma mpaka jua litoke. Kila nilipopiga simu nilimuuliza hali yake, akasema alhamdulillah. Nikamuuliza kama anahitaji kitu, akasema hapana, tuombeane dua tu. Sikuwa na sababu ya kutomuamini. Kisha nikaenda nyumbani, baada ya kukaa miaka miwili na nusu bila ya kwenda.

Asubuhi ya kwanza nikamkuta barazani kama kawaida, msahafu uko kwenye marfaa, anasoma Surat Yaasin kwa sauti ileile niliyoizoea. Nikasogea nikakaa pembeni yake nimsikilize. Kurasa zilizofunguliwa zilikuwa za Suratul-Baqara.

Baba alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka hawezi kusoma. Alikuwa anasoma zile sura alizozihifadhi, na msahafu alifunguliwa na mtoto wa dada yangu kila alfajiri, kwa sababu hakutaka majirani wajue, na zaidi hakutaka sisi tulioko mbali tujue. Dada alikatazwa kusema. "Mwenzenu ana majukumu yake," ndivyo baba alivyomwambia.

Ndugu zangu, kinachoniuma si umasikini. Upasuaji wa macho ulifanyika, na tangu jicho la kwanza lilipotolewa kile kitambaa mzee akarudi kwenye msahafu wake, alhamdulillah. Pesa iliyotumika ningeweza kuitoa wakati wowote katika mwaka ule. Haikukosekana pesa. Lilikosekana jicho la mtoto wake la kuona kuwa jicho la baba limefunga. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa natuma matumizi kwa mtu aliyekuwa anaingia gizani, na kila mwezi napokea ujumbe kwamba imefika.

Wazee wetu hawasemi. Hilo tulijue. Ukiwapigia simu wanajibu kwa alhamdulillah, na si uongo, kwani wanamshukuru Mola wao kweli. Lakini shukurani ya mzee si taarifa ya hali yake. Ili ujue hali yake lazima ukae naye umuone anavyoinuka kutoka kwenye mkeka.

Hoja tunazojitetea nazo

Najua wapo watakaonijibu, na majibu yao nayajua kwa kuwa nimeyatumia mwenyewe.

La kwanza ni kwamba wazazi wenyewe ndio waliotutuma. Ni kweli. Baba yangu aliuza mtumbwi ili mimi nisome. Na nikimwambia leo kwamba nataka kurudi, jambo la kwanza atakalosema ni nisiache kazi. Je, radhi yake hiyo hainiondolei lawama? Nadhani inaniondolea dhambi ya kuwaasi, lakini haiwezi kuwa dalili kwamba hawanihitaji. Kuna hadithi katika Sunan ya Abu Daud na Nasai kuhusu mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kumpa ahadi ya kuhama pamoja naye, akasema amewaacha wazazi wake wanalia. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha arudi akawachekeshe kama alivyowaliza. Hebu tujiulize: wazazi wetu wangapi wamelia tulipoondoka, lakini wakalia ndani, baada ya basi kupita, ili tusiwaone? Yule mtu alikuwa na nafuu, kwani machozi ya wazazi wake aliyaona.

La pili ni kwamba kazi tunayoifanya huku ndiyo inayowalisha, na kutafuta halali ni ibada. Hili nalo ni kweli. Lakini tukumbuke kisa cha watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa na wazazi wazee, na kila jioni huwakamulia maziwa kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote. Siku moja kutafuta malisho kulimpeleka mbali, akachelewa kurudi, akakuta wamelala. Akasimama na chombo cha maziwa mkononi mpaka alfajiri, watoto wake wanalia kwa njaa miguuni pake, hakutaka kuwaamsha wala kumtanguliza mtu mbele yao. Kwa amali hiyo jabali likasogea.

Kisa hiki tunakihubiri kila mara, na sisi hutazama kule kusimama usiku kucha. Nami nimezoea hivyo. Lakini siku hizi ninapokisoma huishia katika lile neno la kwamba malisho yalimpeleka mbali. Yule bwana alikuwa kama sisi. Riziki ilimvuta. Alichelewa. Lakini alirudi usiku uleule, na maziwa aliyashika kwa mkono wake. Malisho ya mbali si kosa. Kosa ni kufika malishoni na kusahau kwamba mtu huenda huko ili arudi.

La tatu ni kwamba tuwalete wazazi mjini. Hapa tunao mfano wa Nabii Yusuf (a.s.), ambaye Mwenyezi Mungu alimpa madaraka Misri, na mzazi wake akapofuka kwa huzuni ya kumkosa. Yusuf alituma kwanza kanzu yake, baba akarudishiwa macho. Lakini hakuona kwamba kanzu imetosha. Katika aya hiyohiyo ya 93 ya sura iliyoitwa kwa jina lake, aliagiza waje wote, na walipofika akawapokea na kuwapandisha wazazi wake kwenye kiti chake cha enzi. Kanzu ilitangulia tu, haikuwa badala ya kukutana.

Basi mwenye uwezo na wazazi walio radhi, awalete, na atakuwa amefuata njia ya Mtume. Ila na tuwe wakweli kuhusu kiti tunachowapandisha. Baba yangu alikuja hapa mara moja, akakaa miezi miwili katika vyumba vyetu viwili. Kwao akitoka nje anasalimiwa na mji mzima, msikitini ana nguzo yake anayoegemea, na akiikosa swala moja watu wanakuja kumuulizia. Hapa alikaa juu ya kitanda tangu asubuhi, sisi tuko kazini na watoto shule, anasubiri adhana. Siku moja mke wangu alimuuliza, "Baba, unahitaji nini?" Akasema, "Nahitaji mtu wa kunijua." Tulimrudisha Ujiji. Mzee akihamishwa kwa ajili ya nafasi ya mwanawe tu, huenda tukawa tumemleta karibu na sisi na tumemuweka mbali na kila kitu kingine.

La nne, na hili ndilo zito zaidi kwangu, ni kwamba kuna ndugu yetu aliyebaki nao. Kwa wengi wetu ndugu huyo ni dada. Dada yangu alikuwa na biashara yake ya mawese pale Kigoma mjini, akaiacha mama alipoanza kuumwa miguu. Yeye ndiye anayeamka usiku, yeye ndiye anayenuniwa, maana mzee hamnunii aliye mbali. Kisha mimi nikifika mara moja kwa miaka miwili na mfuko wa sukari na kanga mbili, mtaa mzima unasema mama fulani ana mtoto mwema. Sisi wa mbali tunapata sifa, yeye anapata uchovu. Na tukitoa sadaka ya shukurani kwa ajili ya kupona mzazi, hatumkumbuki hata kwa kanga moja.

Nafaka tunaweza kugawana, huyu atoe hiki na yule kile. Lakini nasema kwa uoni wangu, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, usuhuba wa mtoto mmoja hauwezi kuwa badala ya wa mwingine kama swala ya jeneza inavyofanywa na baadhi ikawatosha wote. Mama akimuulizia mwanawe aliye mbali, hamtoshelezi yule aliye karibu, ingawa ndiye anayemhudumia.

Hamu bila ya nia

Sasa nije kwenye jambo la mwisho, ambalo ni gumu kwangu kuliandika. Kwa miaka mingi nimekuwa na hamu ya kuishi karibu na wazazi wangu. Nikisikia harufu ya mawese sokoni hukumbuka jiko la mama. Nikila migebuka ya kukausha huletwa na fikra mpaka ufukweni mwa ziwa. Nami nilikuwa nikidhani hamu hiyo ni sehemu ya wema wangu kwao, kwamba Mola anauona moyo wangu.

Leo naona nilijidanganya. Hamu ni jambo linalomjia mtu bila ya kulichuma. Nia ndiyo amali ya moyo, na nia ya kweli humtafutia mtu njia. Mimi nilikuwa na hamu ya miaka kumi na sikuwahi kukaa siku moja na karatasi nikaandika: nikihama nitapata wapi kazi, mshahara utapungua kiasi gani, watoto watasoma wapi. Kumbe ile hamu ilikuwa inanistarehesha. Ilinipa huruma juu ya nafsi yangu, nikajihisi mimi ndiye niliyenyimwa, na wala si wao.

Ushahidi wa hili ni misiba yetu. Mzazi akifariki, nauli inapatikana usiku uleule. Tunakopa, tunachangishana, ruhusa kazini inatoka bila ya barua, anayesema hana nafasi ya kuondoka anapanda gari la saa kumi na moja alfajiri. Kwa nini nauli ya kumzika inapatikana na ya kumuona haipatikani? Hili si suala la uwezo. Tumelizoea tu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia itaendelea kuwa taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Maneno mazuri. Lakini familia ni nani, kama kila mmoja amehesabu kuwa ni yule mwingine?

Sisemi kwamba kila mmoja afunge mizigo kesho. Wapo ambao kurudi kwao kungewatia wazazi njaa, na wapo wanaofungwa na haki za watu wengine. Mimi mwenyewe nina mke, na mama yake yuko Tanga. Nikimsogeza mke wangu Kigoma, nimesogea kwa mama yangu na nimemtoa yeye kwa mama yake. Haki ya mama yule haikupungua kwa sababu bintiye ameolewa nami. Ndiyo maana jambo hili halifai kuamuliwa na mume peke yake kwa kupiga meza.

Lakini kila mmoja anaweza kuanza na alichonacho. Asiyeweza kurudi aweke safari kwenye bajeti kama anavyoweka kodi ya nyumba, na asisubiri msiba. Likizo ndefu ya shule watoto waipeleke kwa babu na bibi, si mbele ya televisheni. Simu isiwe ya kuuliza "hujambo" tu. Muulize anayekaa nao amekula nini, amelala vipi, ameacha kufanya nini ambacho zamani alikifanya. Na yule ndugu aliyebaki apewe haki yake wazi, apumzishwe angalau mwezi mmoja kwa mwaka, na huo mwezi akae mmoja wetu mahali pake. Tukifanya hili la mwisho tu, tutajifunza kuhusu wazazi wetu mambo ambayo simu haijatuambia kwa miaka ishirini.

Kwa upande wangu, shule moja ya Kiislamu kule Kigoma inahitaji mwalimu wa somo langu. Mshahara ni theluthi mbili ya ninaoupata hapa. Tumekaa mimi na mke wangu usiku mara nyingi. Tumeswali istikhara. Tumekubaliana kwamba kila Desemba yeye na watoto watakuwa Tanga, na mama yake akiumwa atakwenda wakati wowote bila ya kuniuliza kuhusu nauli, hata kama itabidi tukope. Alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Twende, lakini usije ukawa mtoto mwema kwa mgongo wangu." Nimemuahidi, na mnanishuhudia.

Barua nimeshaipeleka. Baba nilipomwambia alinyamaza kwenye simu, kisha akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nilimwambia hapana. Akasema ni upumbavu kuacha mshahara. Baada ya siku mbili dada akanipigia simu, akasema mzee ameanza kufagia kile chumba cha uani, na hataki kusaidiwa.

Yule binti darasani sijamjibu bado. Huenda nitaondoka kabla ya kupata nafasi. Lakini akiyasoma haya, ajue kuwa swali lake ndilo lililonifundisha mada niliyokuwa nikiifundisha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Walio hai awape afya na mwisho mwema, na waliotangulia awasamehe na atujaalie tuwe sadaka yao yenye kuendelea. Na atuwezeshe kurudi kutoka malishoni kabla hawajalala.

Wabillahi tawfiq.